Glasi za zamani za Pepsi na Coca-Cola: nitajuaje ni za mwaka gani, na bei yake halali ni ipi?

Kapu la Vyombo (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za majukumu.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kimarekani, anahamia kwa mwanawe. Vyombo vingine kapeleka duka la mitumba, boksi moja kanipa mimi. Ndani mna glasi 11 zenye matangazo ya soda. Saba ni za Pepsi zenye vikatuni: Bugs Bunny wawili, Tweety, Daffy Duck, Wile E. Coyote, Porky Pig, na panya mmoja mwenye kofia pana ya Kimexico na macho ya usingizi. Mbili zina Star Wars na jina la Coca-Cola. Moja ni Batman wa Pepsi. Ya mwisho haina picha, ina umbo la kengele, imeandikwa Coca-Cola na 5¢.

Nimeingia eBay nikakuta mtu kaweka Darth Vader kama wangu dola 150. Nikapiga hesabu ya boksi zima, nikaanza kuona kiwanja Kibaha. Kabla sijamwambia mke wangu, naomba wenye ujuzi waje hapa. Naanzia wapi kuzitambua, na bei ya kweli ni ipi?

Ngumi Jiwe

Uzi bila picha haunogi mkuu. Weka picha.

Ila kiwanja Kibaha kwa glasi za soda? Hahaha, nakaa siti ya mbele.

Mwana wa Kongowea (Mombasa)

Huku vyombo vya mtumba kutoka Ulaya huja kwa magunia, na bilauri za namna hii huwa zinatokea mara mojamoja. Nami niko hapa kujifunza. Mwenye kujua atiririke.

Mzee Kitako (Dayton, Ohio)

Kapu, ngoja nikusaidie, maana hizi ndizo ninazokusanya.

Kwanza geuza glasi kichwa chini. Watu wote huanza na katuni, na katuni haisemi mengi: Bugs Bunny yule yule alichapwa na viwanda tofauti kwa miaka kadhaa. Kitako ndicho cheti cha kuzaliwa. Washa tochi ya simu, iweke ndani ya glasi ikimulika chini, kisha izungushe polepole mpaka alama ndogo iliyotokeza kwenye kioo itoe kivuli.

Ukiona herufi B ndani ya duara, hiyo ni Brockway ya Pennsylvania. Ukiona F ndani ya ngao, hiyo ni Federal Glass, na kiwanda chenyewe kilikuwa hapo hapo mjini kwako Columbus. Kilianza 1900 kikafungwa 1979. Kwa hiyo ngao ikijitokeza una uhakika wa jambo moja kubwa: glasi hiyo haikutengenezwa baada ya 1979. L ya mwandiko wa kalamu ni Libbey ya Toledo, na nanga yenye H juu yake ni Anchor Hocking ya Lancaster. Hao wawili waliendelea na kazi muda mrefu baadaye, hivyo alama zao peke yake hazikupi mwaka. Umezungukwa na viwanda vya kioo, ndugu yangu. Ndiyo maana majumba ya watu Ohio yamejaa vitu hivi, na ndiyo maana bei yake Ohio ni ya chini.

Sasa panda juu kidogo, soma maandishi madogo karibu na miguu ya katuni. Kama ni "Pepsi Collector Series" na © Warner Bros. 1973, una glasi za ule mfululizo mkubwa wa Looney Tunes. Wahusika wake ni 18, mmoja kwa kila glasi, na glasi ndefu za Brockway zinajaa aunsi 16, yaani karibu nusu lita. Halafu angalia rangi ya maandishi. Zipo zenye maandishi meupe na zipo zenye meusi, na wakusanyaji huzihesabu kama matoleo mawili. Mtu anayejaza seti nyeupe hatanunua nyeusi hata umshushie bei.

Jambo moja huwachanganya wengi. 1973 ni mwaka wa hakimiliki ya mchoro. Si mwaka ambao glasi ilitoka tanuruni. Mchoro wa 1973 uliendelea kuchapwa miaka iliyofuata, ndiyo maana Pepsi yenye 1973 zimejaa kila mahali. Mwaka 1976 ukaja mfululizo mwingine ambao wahusika wawili au zaidi wanafanyiana vituko kwenye glasi moja. Ukiona Tweety yuko peke yake, ni ule wa kwanza. Ukiona kuna mtu anamkimbiza mwenzake au anamwekea mtego, angalia kama si wa 1976.

Kuhusu huyo panya mwenye usingizi, niambie jina lililoandikwa ubavuni, na uniambie rangi yake ikoje. Usiioshe kwanza.

Kapu la Vyombo

Mzee wangu shikamoo. Nimeweka picha hapo juu.

Panya ameandikwa Slow Poke Rodriguez. Vitako: tano za Pepsi zina B kwenye duara, mbili zina ngao ya F. Star Wars sioni kitu. Batman sioni kitu. Ya Coca-Cola ina L.

Bugs mmoja ana maandishi meupe, mwenzake meusi. Nilidhani mmoja amepauka!

Mzee Kitako

Marahaba.

Rodriguez tutarudi kwake. Kwanza hali ya glasi, maana hapo ndipo bei inapopatikana au kupotea, na picha za wauzaji wengi huficha hapo hapo.

Rangi hizi ni kama vioo vya unga vilivyochomwa juu ya kioo. Zikiwa nzima zinang'aa, ukipitisha kidole unahisi kimo chake. Adui yake ni mashine ya kuoshea vyombo: joto na sabuni kali hula ule mng'ao. Nyekundu inageuka kuwa ya matofali, nyeusi inakuwa kijivu kama chaki, na glasi yenyewe inapata ukungu ambao hautoki hata usugue vipi. Picha ya mtandaoni iliyopigwa mbele ya dirisha haionyeshi ukungu huo. Inamishe glasi upande chini ya taa, rangi uiangalie kwa mshazari. Ikiwa inaakisi taa, ni nzuri. Ikiinyonya taa, imeshapikwa mashineni.

Baada ya hapo funga macho, pitisha ukucha taratibu kuzunguka mdomo wa glasi. Mmego mdogo kuliko punje ya mchele jicho huliruka, ukucha hauliruki. Glasi yenye mmego mdomoni, kwa mkusanyaji ni ya kuwekea kalamu.

Halafu tafuta sehemu ambazo rangi imekosekana. Kuna tofauti kati ya kukwanguka na kosa la kiwandani. Rangi zilipigwa moja baada ya nyingine kwa skrini, na wakati mwingine moja ilisogea, ukaona jicho la Daffy limekaa shavuni. Kosa dogo la namna hiyo haliongezi bei, ingawa wauzaji huliandika kwa herufi kubwa kana kwamba ni noti iliyochapwa vibaya.

Dada Muuguzi (Minneapolis)

Samahani niingilie. Kabla hamjafika kwenye bei: kuna mtu anazinywea hizi? Kapu, una watoto nyumbani?

Kapu la Vyombo

Dada, jana mdogo amekunywa maziwa kwa Tweety. Kuna shida?

Dada Muuguzi

Ziweke juu kabatini. Rangi za kuchomwa za enzi hizo zilikuwa na risasi (ile metali yenye sumu, lead), na nyekundu na njano nyingi zilipatikana kwa kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Glasi moja ya maziwa si ya kukukimbiza hospitali, ila tatizo ni mazoea. Mtoto anashika picha, anapeleka kidole mdomoni, kila siku, na rangi iliyochakaa inaachia zaidi kuliko nzima. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Daktari wake anaweza kumpima damu, ni kipimo cha kawaida sana hapa Marekani.

Na msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2010 McDonald's walirudisha glasi milioni 12 za Shrek kwa sababu ya kadimiamu kwenye rangi, na hizo zilitengenezwa New Jersey, wala hazikutoka kiwanda cha kichochoroni.

Ngumi Jiwe

Dada unatutisha. Sisi tumekunywa maji ya bomba la kutu tukakua.

Dada Muuguzi

Waliokua ndio wanaoandika humu, kaka.

Mzee Kitako

Namuunga mkono dada kwa asilimia zote. Zangu zipo kwenye kabati la kioo, na wajukuu wanajua. Kwa anayetaka kujua zaidi: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kupunguza risasi na kadimiamu kwenye sentimita mbili za juu, pale midomo inapogusa. Ndiyo maana glasi nyingi za baadaye picha inaanzia chini kidogo ya mdomo. Glasi yenye rangi iliyopanda hadi ukingoni ni ya kuangalia tu.

Nayo inamhusu mnunuzi pia. Usimwandikie mtu "nzuri kwa kunywea juisi". Andika ni ya maonyesho.

Bint Maskat (Maskat)

Assalaam alaykum nyote. Nimesoma uzi huu toka juu. Mimi nina swali la huku kwetu. Kuna muuzaji mtandaoni anauza bilauri ya Coca-Cola yenye maandishi ya Kiarabu, anasema ni ya hapa Ghuba, mwaka 1975, na bei yake kali kweli. Marehemu baba alikuwa na duka miaka hiyo, na sikumbuki kuona Coca-Cola dukani, ilikuwa Pepsi tu. Mzee Kitako unasemaje?

Mzee Kitako

Waalaykum salaam. Kumbukumbu yako ina thamani kuliko cheti cha huyo muuzaji. Jumuiya ya nchi za Kiarabu iliifungia Coca-Cola kuanzia 1968, baada ya kampuni kutoa leseni ya kiwanda Israel, na marufuku ile ikadumu hadi 1991. Si kila nchi ilishika kwa ukali ule ule, na Misri ilifungua mlango mapema zaidi, mwaka 1979. Lakini Ghuba ilikuwa ya Pepsi. Glasi ya tangazo la Coca-Cola ya Ghuba ya 1975 inabidi muuzaji aeleze ilikuwa inatangaza soda gani, na iuzwe duka gani.

Inawezekana bilauri ni halali lakini ni ya miaka ya 1990. Muulize alama ya kitako. Akikataa kupiga picha kitako, achana naye.

Bint Maskat

Nimemuuliza. Kajibu "ya zamani sana, hazina alama". Basi, ahsante, pesa yangu imebaki mkobani.

Kapu la Vyombo

Hiyo imenifanya niiangalie tena ile yangu ya kengele yenye 5¢. Senti tano si ni ya zamani kweli? Nani anauza soda senti tano?

Mzee Kitako

Hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Coca-Cola iliuzwa senti tano kuanzia 1886, bei ikashikilia hapo hapo kwa karibu miaka 70, hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo hata ingekuwa ya kweli, 5¢ ingekuambia "popote ndani ya miaka 70". Na wachapaji wa nakala wanaipenda 5¢ kuliko kitu chochote, kwa sababu mnunuzi akiiona tu moyo unalainika.

Umbo nalo halisaidii. Glasi ya kengele ilianza kutumika 1929 na mpaka leo inatengenezwa, unaipata dukani mpya kabisa. Kabla yake zilikuwepo zilizopanuka mdomoni kama tarumbeta, na nyingine zilikuwa na mstari karibu na chini: muuzaji alimimina sharubati hadi kwenye mstari, kisha akajazia maji ya soda. Hizo za tarumbeta za mwanzoni mwa karne ya 20 ndizo zenye pesa, na ndizo zilizonakiliwa zaidi.

Cha kusoma ni maneno madogo ya alama ya biashara. Kwenye matangazo ya zamani ya Coca-Cola maneno hayo yalikaa ndani ya mkia wa C ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1940 yakahamia chini ya jina, "Reg. U.S. Pat. Off." Miaka ya 1960 ikaja ® ndogo unayoijua leo. Yako nimeikuza kwenye picha: nyuma ya herufi a ya mwisho kuna ®. Ukijumlisha L ya Libbey, hii ni ya miaka ya 1960 au baadaye, na kwa ulivyo ung'avu wake mimi naisogeza mbele sana. Mnunuzi atakupa dola chache, ukipata wa kukupa.

Angalia pia mikwaruzo ya kitako. Glasi iliyoburuzwa mezani miaka 40 ina mikwaruzo ya kila upande kwenye ule mviringo unaogusa meza, mirefu na mifupi imepandana. Iliyozeeshwa kwa msasa ina mistari inayoelekea upande mmoja.

Mwana wa Kongowea

Hii ya msasa nimeishika. Huku kuna mtu alimuuzia mtalii bilauri kwa namna hiyo.

Ngumi Jiwe

Mzee, tufike kwenye pesa sasa. Kapu anasubiri kiwanja.

Mzee Kitako

Haya. Kapu, ile dola 150 ya Darth Vader ni bei anayoitaka mtu. Nenda eBay, kwenye kichujio chagua vitu vilivyokwisha kuuzwa. Utaona picha nyingine kabisa. Glasi za Star Wars za 1977 ni nne tu: Luke, Chewbacca, Darth Vader, na ile ya R2-D2 na C-3PO. Burger King na Coca-Cola walizimwaga nchi nzima, na watu walizitunza kwa sababu filamu iliwashika. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi kisha kikatunzwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu. Yako mbili ni pesa ya chakula cha mchana. Ukipata nyingine mbili ukauza seti ya nne yenye rangi nzima, hapo mnunuzi anakuja mwenyewe.

Bugs, Tweety, Daffy, Porky, Coyote: kwa kawaida dola 5 hadi 15 kila moja, kutegemea mng'ao. Sasa toa hapo. eBay wanachukua karibu asilimia 13. Kisha boksi ndani ya boksi, maana glasi ikisafirishwa kwa boksi moja inafika vipande, kisha nauli. Glasi ya dola 10 mara nyingi nauli yake inaikaribia au inaizidi. Mimi nisingeuza moja moja. Ningeweka kwenye soko la hapo mtaani, mtu aje achukue kwa mkono, zote sita pamoja.

Batman mwangalie vizuri. Kama nyuma yake kuna duara kubwa kama mwezi, ni mfululizo wa Pepsi wa 1976. Soma hakimiliki: zipo zilizoandikwa DC Comics na zipo zilizoandikwa NPP. NPP ni National Periodical Publications, jina la kampuni kabla haijajiita rasmi DC Comics mwaka 1977. Batman na Superman ni wengi. Wanaotafutwa kwenye mfululizo huo ni Green Lantern na maadui kama Joker, Riddler na Penguin, kwa sababu 1976 mtoto akipewa nafasi ya kuchagua alichukua Batman.

Na hiyo ndiyo sababu Rodriguez ana kitu. Kati ya wale 18, wahusika wadogo kama yeye, Henery Hawk na Beaky Buzzard ndio wanaokwamisha watu wenye seti. Bugs kila mtu anaye.

Kapu la Vyombo

Batman ana mwezi nyuma, hakimiliki ni NPP. Rodriguez rangi inang'aa, mdomo mzima kwa ukucha, maandishi meusi, kitako B. Tweety ndiye amepikwa mashineni, njano imekuwa kama ugali wa jana.

Kiwanja Kibaha kimeahirishwa. Nitamwambia mke wangu ni glasi tu.

Mzee Kitako

Kapu, nitumie PM. Rodriguez wa maandishi meusi nakuchukulia mimi.

Ngumi Jiwe

EHEE! Nilijua tu. Mzee kashusha nondo zote hizi kumbe panya ndiye aliyekuwa anamtaka toka mwanzo. Kapu usiuze gizani, aweke bei hapa hadharani.

Dada Muuguzi

Hahaha, Mzee umekamatwa.

Mzee Kitako

Sijaficha, niliuliza jina lake kabla ya kitu kingine, someni juu. Seti yangu nyeusi imebaki na mapengo mawili, na Rodriguez ni mojawapo. Naweka hapa: dola 30, nakuja kuchukua mwenyewe Columbus, hamna ada wala nauli. Kapu aangalie zilizouzwa kwanza, kisha anijibu.

Kapu la Vyombo

Nimeangalia, Mzee. Zenye hali kama yangu wapo waliolipa zaidi kidogo ya hapo, wapo waliolipa chini, na wote wamekatwa ada. Njoo Jumamosi. Na Bugs mweusi nakuongezea bure, kwa darasa.

Mzee Kitako

Bugs ninaye mkuu. Ila nipe huyo Batman wa NPP nimtazame, hata kama sinunui.

Mwana wa Kongowea

Mimi nimegeuza bilauri zote za nyumbani kichwa chini, mama ananiuliza natafuta nini. Moja ina nanga yenye H. Naifungulia uzi wake kesho, nitaweka picha.